Vidonge vya Kukausha

Foleni ya dirisha la dawa ilijipanga kabla geti la hospitali halijafunguliwa, na Mbuke alikuwa wa nne. Alisimama ameukumbatia mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, kama aliyebebeshwa mtoto wa mwenziwe. Tangu alipokatwa titi, mkono ule ulikuwa ukivimba na kuwa mzito, haukutaka kabisa kuning'inia. Mfukoni mwa gauni alikuwa na pakiti ya vidonge, na ndani yake kimebaki kimoja. Hii ilikuwa safari yake ya tatu ndani ya wiki mbili.

Dirisha lilifunguliwa saa tatu na nusu. Ndani alikaa Sostenes, mtoa dawa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka kweli kweli.

"Habari za asubuhi, daktari," Mbuke alisalimu.

"Karatasi."

Akapitisha karatasi. Sostenes aliisoma akiwa bado anatafuna kitu.

"Tamoksifeni. Hakuna."

"Wiki iliyopita ulisema nije Jumatatu."

"Leo ni Jumatatu, umekuja, na hakuna. Mama, mfumo unasoma sifuri." Akaigeuza kompyuta kidogo upande wa dirisha. "Unaona mwenyewe? Sifuri."

Mbuke hakuona kitu zaidi ya mwanga wa buluu na kidole cha Sostenes.

"Kimebaki kimoja tu, daktari."

"Basi kimeze."

Mtu mmoja nyuma ya foleni akacheka. Mbuke hakugeuka kumtazama.

"Na kesho?"

"Mimi sitengenezi dawa, mama, mimi natoa. Kanunue nje." Kisha Sostenes akainama karibu na tundu la dirisha, sauti ikashuka. "Hizo dawa siku hizi zina wenyewe. Ukizitaka kweli, waulize wenzako wa machimboni. Mwingine!"

Mbuke akasogezwa pembeni na aliyekuwa nyuma yake. Ukutani palikuwa na sanduku la maoni lenye kufuli lililoota kutu mpaka tundu la ufunguo likaziba. Alilitazama kidogo, akatoka zake.

Alizunguka maduka manne ya dawa ya pale mjini. Matatu yalimjibu kwa kutikisa kichwa. La nne lilikuwa la mama mmoja mzee mwenye miwani, mtu wa maneno mengi, naye angalau alimpa kiti.

"Hizo, mwanangu, hazikai kabatini hata siku mbili," alisema. "Wapo wanawake wanaotafuta mtoto, wameambiwa zinashtua mayai. Wapo vijana wanaonyanyua vyuma, wanajidunga sindano za kutunisha misuli, halafu wanaogopa kuota matiti, basi wanazimeza kama karanga. Na sasa hawa wa machimboni, hao ndio wamemaliza kabisa. Wananunua kwa maboksi. Wewe za nini?"

"Kansa ya titi."

Yule mama akavua miwani. "Loo! Mwaka huu wewe ndiwe wa kwanza kuniulizia kwa kansa."

Akamwazima simu. Mbuke alipiga Mwanza, alikofanyiwa upasuaji, akampata nesi anayemkumbuka. Nesi alikuwa mwema kwa maneno. Akamwambia asikatishe dawa hata siku moja, kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano, na yeye ndio kwanza alikuwa na mwaka na miezi. Ugonjwa wake ule unakula homoni, dawa ndiyo inaunyima chakula. Akikatisha, unarudi, na ukirudi haurudi ulipokatwa. Mbuke akauliza kama anaweza kuja kuchukua kwao. Nesi akasema jina lake lilishahamishiwa huko karibu na nyumbani, huku Mwanza hayumo tena kwenye orodha. Salio la simu likaisha wakati anamwambia asikate tamaa.

Na mbuzi wa kuuza mnadani Didia hawakuwepo tena. Walikwishageuka nauli na kitanda cha hospitali, wote sita.

* * *

Waulize wenzako wa machimboni. Sostenes alisema vile kwa dharau tu, lakini Mbuke alirudi Nyabulolo, kwenye machimbo anakotwanga mawe, na maneno yale yamemkaa kooni, kwa sababu alijua yalikoanzia. Yalianzia kinywani mwake mwenyewe.

Duara la Nyabulolo, yaani shimo la dhahabu na uwanja wake, lina sheria zake, na sheria ya kwanza haihusu milipuko wala kamba. Mwanamke aliye kwenye siku zake hakanyagi uwanja wa duara. Anakimbiza dhahabu, ndivyo wasemavyo, na wasemao ni wanaume wenye duara, kwa hiyo ndivyo ilivyo. Wanawake wanaotwanga mawe hukaa ndani ya uwanja huo huo, kila mmoja na nyundo yake na salfeti lake, mfuko mtupu wa kukalia. Kila mwezi walipoteza siku tano au sita za kazi. Wengine walidanganya. Mmoja alipogundulika, tena wiki ambayo mkanda wa dhahabu ulipotea chini, alifukuzwa kwa mawe, na mawe hayo ni yale yale aliyoyatwanga.

Basi mwaka jana, mvua za masika zikiwa zimekatika, Mbuke alikuwa akitwanga jirani na Dorah. Dorah alikuwa binti wa miaka ishirini na nne, mwenye mdomo usiojua kupumzika, na moyo mweupe ajabu. Siku hiyo alikuwa akilalamika kuwa kesho yake ataanza kukaa nyumbani tena, na mtoto wake anataka viatu vya shule.

"Mimi mwezi wa saba huu sijaziona," Mbuke alisema, wala hakuacha kutwanga. "Tangu nianze vile vidonge. Vimenikausha."

Nyundo ya Dorah ikasimama hewani. "Vinakausha?"

"Vimenikausha mimi. Ni dawa ya kansa, Dorah. Si ya kuchezea."

"Vinaitwaje, Mayu?" Ndivyo alivyomwita siku zote, mama kwa Kisukuma.

Na Mbuke, kwa kuwa hakuona ubaya, akachomoa pakiti akamwonyesha.

Ni hilo tu alilofanya. Maneno hayo yalitembea kutoka salfeti hadi salfeti, yakafika kwa mama wa chai, yakafika kwa wanaume. Mwisho, baada ya miezi, yakamfikia Masudi, msimamizi wa duara, mtu wa sauti ya chini ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Masudi hakuwa mjinga. Wanawake ishirini na wawili wasiopoteza siku tano kila mwezi ni mawe mengi sana.

Mbuke hakujua yaliyofuata, kwa sababu wiki tatu hizo mkono ulikuwa umemlaza nyumbani. Aliyajua siku aliyorudi kazini, siku mbili baada ya kumeza kidonge chake cha mwisho.

* * *

Kwenye kamba ya kuingilia uwanjani wanawake walijipanga mstari. Masudi alikaa kwenye kiti cha plastiki, boksi mapajani, dumu la maji na kikombe kimoja pembeni. Kila aliyefika mbele alipewa kidonge, akamezea maji, akafungua mdomo.

"Inua ulimi," Masudi alisema. "Haya. Pita."

Mbuke alilitambua boksi lile. Lilikuwa kama lile alilopewa hospitalini mwanzoni, na ubavuni lilikuwa na maandishi mekundu: Mali ya Serikali. Haiuzwi. Jamani, dawa ilikuwepo! Alijipanga. Hata aliona aibu kidogo kwa jinsi alivyofurahi.

"Mama Vumilia!" Masudi alisema zamu ya Mbuke ilipofika. "Mzima? Tulisikia mkono unakusumbua."

"Nimepata nafuu, meneja."

"Alhamdulillahi. Pita."

Mbuke hakupita. Alikinga mkono.

"Wewe pita tu, mama. Wewe si umeshakauka? Hapa kila mtu anajua. Hizi ni za wanaovuja."

Wanawake wakacheka, wengine kwa kuogopa kutocheka.

"Meneja, hiyo ni dawa yangu. Mimi nina kansa, nilikatwa. Hata hao wamezijulia kwangu."

"Dawa yako? Ulizinunua wewe?" Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayetaka kujua tu. "Mimi nimezilipia, tena si kidogo. Zinatosha vichwa vya wanaohitaji. Ukiumwa unakwenda hospitali, Mama Vumilia. Hapa si hospitali."

"Hospitali hakuna."

"Hospitali hakuna," Masudi alirudia taratibu, akitikisa kichwa kwa masikitiko. Kiganja chake kilikuwa juu ya yale maandishi mekundu. "Sasa kama hospitali yenyewe haina, mimi mtu wa machimboni nitatoa wapi? Pita, usizuie wenzako."

Akapita. Angefanya nini? Akaenda kwenye salfeti lake akakaa, akaishika nyundo kwa mkono wa kulia, akaanza kutwanga. Kila pigo lilipanda mpaka kwenye kovu. Alikuwa na hasira ya kumtosha kubomoa duara zima, lakini hasira ile haikuwa na pa kwenda ila kwenye mawe ya Masudi, na mawe yakasagika vizuri.

Dorah alimfuata saa nne, wakati wa chai, macho yamemvimba.

"Mayu, nisamehe. Mdomo wangu huu."

"Umeshasema. Hayarudi."

"Huna hata kimoja?"

"Sina."

Dorah alitazama huku na huku. "Mimi siku hizi namjua Masudi. Anaangalia chini ya ulimi, haangalii shavuni, huku nyuma ya jino la mwisho. Nina pengo hapa. Kesho, nikishapita, njoo nyuma ya karasha."

Mbuke alitaka kusema hapana. Alimwangalia Dorah, akaliwaza kovu lake, na neno hapana halikuja.

Kesho yake, nyuma ya mashine ya kusagia mawe, Dorah alimtemea kidonge kiganjani. Kilikuwa cha moto, kimelainika pembeni, na kina harufu ya tangawizi ya chai. Mbuke alikimeza vile vile, bila maji. Dorah akafuta midomo, akacheka kidogo, akasema, "Mayu, leo tumekula sahani moja." Wakarudi kwenye nyundo zao. Ilikuwa hivyo siku kumi na tisa, na kwa siku kumi na tisa Mbuke alilala usingizi.

* * *

Siku ya ishirini Dorah aliingia kwenye siku zake.

Alijifunga matambara, akavaa vitenge viwili, akaja kazini. Hakuwa peke yake. Wengine waliokuwa wakimeza kwa uaminifu kabisa walitokwa damu vibaya kuliko zamani, mmoja alivuja nusu mwezi mfululizo, maana dawa ile haikuumbwa kwa kazi ya Masudi. Hakuna aliyesema. Walikuwa wakimeza, wanavuja, wanaficha, na Masudi akiwasifu kuwa wamekauka.

Lakini asubuhi ile maji yaliingia chini ya duara. Pampu ilikuwa mbovu tangu wiki iliyopita, na vijana wa chini walikwishasema mara mbili. Wachimbaji walipanda juu wamelowa mpaka kifuani, wakitukana. Masudi aliitazama pampu, kisha akageuka akawatazama wanawake.

"Simameni."

Wakasimama wote. Akatembea katikati ya masalfeti polepole, mikono nyuma. Akasimama kwenye moja.

"Hapa amekaa nani?"

Doa lenyewe lilikuwa dogo, halikuzidi kucha ya kidole gumba.

"Mimi," Dorah alisema.

"Unameza?"

"Nameza, meneja. Kila siku mbele yako."

"Mbele yangu unameza. Sasa hii inatoka wapi?" Hakupandisha sauti. "Dawa haidanganyi, Dorah. Wenzako wote wamekauka. Waulize."

Dorah akageuza uso kwa wenzake. Yule aliyevuja nusu mwezi alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Unazitoa nje," Masudi alisema. "Unamuuzia nani?"

"Simuuzii mtu."

"Unampa nani?"

Mbuke alikuwa hatua tatu kutoka pale. Neno lilikuwa tayari mdomoni, fupi tu: mimi. Alilisikia kabisa kwenye ulimi. Likaja na wazo lingine nyuma yake, kwamba akilitamka, kesho hatapita tena kwenye ile kamba, na asipopita, hakuna tena mahali pengine duniani ambapo dawa yake inatoka. Wazo lile lilikuwa na nguvu kuliko neno. Mdomo wake ukafunga.

"Simpi mtu," Dorah alisema. Hakumtazama Mbuke hata mara moja. Alitazama kila mahali isipokuwa hapo.

Hukumu haikuchukua muda. Duara limechafuliwa, lazima achinjwe kondoo wa kulisafisha, na kondoo hununuliwa na aliyechafua. Dorah hakuwa na kondoo. Basi rundo lake la mawe, aliyotwanga mwezi mzima akingoja yaende kusagwa alipwe, litabaki. Nyundo ni yake, achukue. Pampu haikutajwa.

Dorah alikunja salfeti, doa likawa kwa ndani. Alipompita Mbuke alisema, kama kila siku jioni, "Tutaonana, Mayu."

"Haya," Mbuke alijibu.

Haya! Ndilo neno pekee alilompa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, akakaa chini, akaishika nyundo. Mchana wachimbaji walikula nyama ya kondoo. Wanawake walipewa supu.

* * *

Siku ya kwanza bila kidonge ilipita. Siku ya pili pia. Siku ya tatu, akioga, vidole vyake vilikuta kitu chini ya kwapa, kidogo kama punje ya choroko. Labda ni kovu tu. Alikipapasa, akakiacha, akakirudia. Alipapasa upande wa kulia kulinganisha, kule hakukuwa na kitu. Akakirudia tena mpaka maji ya ndoo yakapoa.

Alifunga safari kwa Sostenes. Mfumo ulikuwa bado unasoma sifuri. Safari hii Sostenes hakugeuza hata kompyuta.

Aliporudi uwanjani, kwenye nafasi ya Dorah palikuwa na salfeti jipya na binti mpya juu yake. Jina lake Paskalia. Alisema ana miaka kumi na minane, lakini alichelewa kidogo kujibu. Ametoka Kishapu, pamba imekauka shambani, baba anaumwa. Nyundo aliishika vibaya, karibu na kichwa, na vidole vyake viwili vilikwishapondeka siku ya kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shika huku nyuma. Hivyo. Acha nyundo ianguke yenyewe, usiisukume."

Paskalia akajaribu, jiwe likapasuka. Akatabasamu.

"Asante, mama. Hapa nilikuwa sina mtu."

Mbuke akakaa karibu naye zaidi. Alimsaidia kuchambua mawe mazuri na mabovu. Alimgawia kiporo chake cha viazi. Alimuuliza habari za kwao, za baba, za wadogo zake wangapi, na binti akamjibu kila kitu kwa furaha ya mtu aliyekuwa hajazungumza siku nyingi. Alipocheka, Mbuke aliangalia ndani ya kinywa chake. Meno yote yalikuwepo, mazima, meupe. Itabidi kidonge akiweke juu, kati ya fizi na shavu.

"Ile dawa ya asubuhi," Mbuke alisema. "Unaionaje?"

"Inanitia kichefuchefu."

"Si nzuri kwa binti mdogo. Usiimeze." Sauti yake ilikuwa imetulia, yeye mwenyewe aliishangaa. "Nitakufundisha pa kuificha. Unanipa mimi, na mimi nitakutwangia debe moja kila siku. Kila siku, mwanangu, kwa mkono wangu huu."

Paskalia alitazama mkono uliovimba, kisha rundo lake dogo la mawe. Debe moja kwake lilikuwa nusu siku.

"Wakinigundua je, mama? Nikiwa kwenye siku zangu?" Akashusha sauti. "Nimesikia kuna dada alifukuzwa. Alifanya nini?"

Ng'ambo ya uwanja pampu mbovu ilikuwa ikikohoa, na Masudi amesimama juu yake na mikono nyuma.

"Huyo alikuwa mzembe," Mbuke alisema. "Wewe hawatakugundua."

Asubuhi iliyofuata, nyuma ya karasha, alikinga kiganja chini ya kidevu cha yule binti, kama mama anavyomkingia mtoto aliyeungua na uji.

"Tema, mwanangu," alisema. "Tema haraka, kabla hakijayeyuka."